Isale Nililompelekea Mheshimiwa

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kata nzima. Nimefika nyumbani sasa hivi, sketi sijabadilisha, matope yamenikaukia magotini, na ninawaandikia hivyo hivyo.

Najua wengine mmeshaiona ile video. Rehema ameweka vikatuni saba vya kulia kwa kicheko (nimevihesabu). Basi kabla hamjaongeza vingine, sikilizeni ilivyokuwa kutoka kwangu mwenyewe. Kundi hili ni letu tuliosoma pamoja mpaka kidato cha pili. Mimi nikaishia hapo, mama alipomfuata baba kaburini, ninyi mkaendelea. Hakuna hata mmoja wenu anayeishi huku Machame siku hizi. Ndiyo maana nawaambia ninyi tu.

Nianze na bikoni.

Wiki tatu zilizopita walikuja wapimaji wa barabara. Barabara yetu inapanuliwa. Siipingi. Mwaka wa mvua kubwa tulimbeba jirani yetu kwenye kiti, uchungu umemshika, kwa mguu mpaka kwenye lami. Nani atakataa barabara? Lakini bikoni, ile nguzo fupi ya kuonyesha mwisho wa barabara, waliipiga ndani ya kihamba chetu, shamba la ukoo tunaloishi. Hatua nane ndani ya mpaka. Baba na mama wamelala hatua tano kutoka mpakani.

Pigeni hesabu wenyewe.

Nikawaambia, "Ndugu zangu, mpaka ni pale kwenye masale." Mpimaji mmoja akayatazama, akanitazama. "Dada, hayo ni maua." Maua! Rehema, wewe ni wa Tanga, nikueleze: isale ni ule mmea wa majani marefu ya kijani unaozunguka kila kihamba huku kwetu. Ndio mpaka wetu. Yale ya kwetu aliyapanda babu kabla baba hajazaliwa. Siku ya pili greda likapita, likayang'oa yote, likayasukumia mtaroni. Nilipoenda ofisini kulalamika nikaulizwa, "Mpaka unaousema uko wapi?" Nikaonyesha mtaro.

Wakanipa fomu ya pingamizi. Ijazwe na majirani watano wa siku nyingi, wathibitishe kwa saini kwamba masale yalikuwepo na yalikuwa wapi. Mwisho ni Jumatatu, saa kumi jioni. Fomu isipofika, bikoni inabaki ilipo na makaburi yanahamishwa. Waliniambia "yanahamishwa" kama mtu anayezungumzia kabati.

Majirani watano. Ni kazi ndogo, sivyo?

Kwangu si ndogo. Na hapa lazima niwaambie jambo ambalo sikuwahi kuwaambia, kwa sababu linaniuma.

Uchaguzi uliopita nilikuwa wakala wa chama cha upinzani kwenye kituo cha shuleni kwetu. Nilifika kabla ya sanduku. Nilikaa kwenye benchi siku nzima, sikutoka hata kwenda chooni (sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa). Kura zilipohesabiwa nikakataa kusaini mpaka zihesabiwe tena. Zikahesabiwa tena. Tukawa tumeshindwa vile vile. Nikasaini, kwa sababu nilichokiona ndicho kilichoandikwa.

Sasa mdogo wangu Godlisten ni mpagazi, anapandisha mizigo ya wageni mlimani. Mwezi mmoja baada ya uchaguzi wageni wake walimpa tipu nzuri, akaninunulia jiko la gesi. Jiko likashushwa kwenye pikipiki mchana kweupe, jipya, na utepe mwekundu juu yake. Kijiji kizima kikaliona. Kijiji kikafikiri kidogo, kikapata jibu.

"Wakala kapata jiko."

Hakuna aliyeniambia usoni kwamba niliuza kura. Wananisalimu vizuri tu. Ila hawakai. Nikienda kuazima jembe, kuna mtu kaliazima. Nikikaa kwenye benchi kanisani, benchi linapumua, wenzangu wamehamia la nyuma. Na wote hao ni watu wa Mheshimiwa, yule mgombea wetu wa ubunge, walimpigia kura na kumlilia aliposhindwa, kwa hiyo hasira yao ina pa kukaa.

Nilipopeleka fomu kwa Mzee Eliapenda, tunayepakana naye upande wa juu, aliisoma yote, akaikunja, akanirudishia.

"Nitasaini, mwanangu. Wengine wakisaini."

Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu naye hivyo hivyo. Wote watano walikuwa wanasubiriana.

Ndipo nikasikia Mheshimiwa anakuja Jumamosi kutupa taarifa ya mambo ya siasa yanavyokwenda. (Hana ubunge. Tunamwita Mheshimiwa kwa sababu tulishazoea wakati wa kampeni, na hakuna aliyekuja kututangazia tuache.) Nikasema: hapo hapo. Nitasimama wakati wa maswali, niseme habari ya bikoni mbele ya watu, yeye aulize kwa sauti, "Majirani, ni kweli masale yalikuwepo?" Hawawezi kumkatalia. Swali nikaliandika kwenye karatasi ya daftari, nikalisoma mbele ya ng'ombe mara nne. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea.

Tena nikaona niende na ushahidi. Asubuhi nikashuka mtaroni, nikachimbua shina moja la isale lenye mizizi minene kuliko kifundo cha mkono wangu, ili kila mtu aone kwamba huu si mmea wa jana. Nikaliosha. Majani yalikuwa marefu mno, yanatoka nje ya mfuko na kuburuta chini. Basi nikayakusanya, nikayafunga fundo.

Fundo zuri. Lile la kufungia mzigo wa majani ya ng'ombe.

Wenzangu mliozaliwa Machame naona mmeshaanza kushika vichwa. Ngojeni.

Mkutano ulikuwa uani kwa Mama Aikande. Tuliomba uwanja wa shule tukaambiwa siku hiyo kuna mpira. (Mpira hatukuuona. Tuliona mbuzi watatu.) Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ua umekuwa utelezi mtupu, maturubai yamebeba maji kama matumbo. Pembeni sufuria la machalari, ndizi zetu za nyama, linachemka. Mheshimiwa alitangazwa wa saa nne, akafika saa saba, na watu wakapiga makofi kana kwamba amewahi.

Katibu wa tawi, Bwana Anaeli, ndiye aliyeshika kipaza sauti. Nilimfuata mapema.

"Shikamoo Katibu. Nina swali moja. Fupi."

"Marahaba. Tutaona, Nsia." Wala hakuandika jina langu, na kalamu alikuwa nayo.

Mheshimiwa akasimama. Niseme ukweli, yule baba anajua kuongea.

"Ndugu zangu, nimekuja kuwapa taarifa. Sikuja kuomba kura. Kura nilishaomba, mkaniambia mtanipa."

Kicheko. Watu kama sita wakageuka kunitazama. Mimi nikatazama sufuria.

"La kwanza ni katiba. Kila nikipita mnaniuliza, katiba mpya imefika wapi? Imefika pale pale mlipoiacha. Iko kabatini, ufunguo anao mwenye nyumba, na mwenye nyumba anasema hajasikia mtu akibisha hodi."

"Tubishe!" akasema mmoja nyuma.

"Tunabisha, baba. Ndiyo kazi yangu hii, kubisha hodi. Mkono umeota sugu."

Akaendelea na daftari la wapiga kura. Kila mtu aende akakague jina lake mapema, asingoje wiki ya mwisho. Mama Aikande akanyoosha mwiko. "Mheshimiwa, mimi la marehemu mume wangu nimelikuta. Langu halipo!"

"Basi mama, huyo mzee ni mwanachama mwaminifu kuliko sisi wote."

Watu wakacheka mpaka turubai likamwaga maji. Hata mimi nilicheka. Nawaambia, kwa dakika kama mbili nilikuwa mmoja wao.

Likaja la mbolea. Alilisema polepole, kidole kimoja kwa kila neno: mbolea ya ruzuku inataka namba, namba inakuja kwenye simu, simu inataka mtandao, na mtandao wa kijiji hiki uko juu ya mparachichi wa Mzee Eliapenda. "Kwa hiyo mzee, ukiukata ule mti, mmeacha kilimo!" Mzee Eliapenda akasimama, akainama kama amepewa nishani. Akaja kwenye kahawa. Hapo hakuna aliyecheka. Alisema habari za mkulima anayengoja malipo wakati mtoto karudishwa nyumbani na shule, na sauti nyingine uani ilikuwa ya sufuria tu. Yule mtu anatujua. Ndiyo maana nilimwamini.

"La nne," akasema, "barabara."

Nikashika mfuko.

"Barabara inapanuliwa. Hilo ni jambo jema. Tuliidai sisi! Asije mtu mwingine hapa kujisifu."

Makofi. Imekwisha. Hakugusa bikoni wala makaburi.

Maswali yakaanza, mkono wangu ukawa wa kwanza juu. Katibu akamchagua mzee mmoja wa mbele, ambaye hakuwa na swali, alikuwa na shukrani, na alianza kushukuru tangu uhuru. Nikanyoosha tena. Akachaguliwa wa mfereji wa maji. Nikanyoosha mikono miwili (nilionekana kama ninasifu). Macho ya Katibu yakanipita kana kwamba mimi ni nguzo ya turubai. Akachaguliwa mama mmoja aliyeuliza kama Mheshimiwa ameoa tena, jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda.

Halafu Katibu akasema, "Muda hautoshi. Mheshimiwa anasubiriwa Himo. Tusimame kwa sala."

Tukasimama. Sala ikasaliwa. Mheshimiwa akaanza kushika mikono ya watu kuelekea garini.

Niambieni, mngefanya nini? Jumatatu ni kesho kutwa. Mbele yangu kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kusema neno na majirani zangu wakasaini, na mtu huyo alikuwa anaondoka kwenda Himo. Nikalitoa isale kwenye mfuko. Nikalishika kwa mikono miwili, kwa sababu lilikuwa zito. Nikakimbia.

"Mheshimiwa! Mheshimiwa, naomba—"

Hapo kandambili ya kulia ikabaki nyuma. Ya kushoto ikatangulia. Mimi katikati nikashuka kwa magoti, nikateleza kwa magoti yale yale kama hatua tatu, nikakomea hasa mbele ya viatu vyake. Mikono yote miwili mbele. Isale juu ya mikono. Fundo likimtazama usoni.



Rehema, nakueleza na hili, maana wenzako wanajua na nawasikia wakiguna kutoka huku. Huku kwetu, ukimkosea mtu kosa kubwa, kosa lisilosemeka, huendi na maneno. Unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Unapiga magoti. Na yeye akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Hata kama umemchomea nyumba. Ni mwiko.

Mimi nilikuwa nimebeba mpaka wa shamba. Watu mia mbili waliona mwenye dhambi.

Nilisikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. "Ruwa, Mungu wangu! Analeta isale!" Kisha mwingine, chini chini, kama aliyepata pesa aliyokuwa ameisahau: "Si nilisema? Lile jiko!"

Nikafungua mdomo. Pumzi hakuna, niliiacha kwenye utelezi. "Mheshimiwa... naomba..."

"Usiseme zaidi, binti yangu," akasema Mheshimiwa.

Naye ni mtoto wa mlimani huku huku. Alijua la kufanya. Akavua kofia. Akainama, akalipokea isale kwa mikono miwili, na nikaona macho yake yamejaa machozi ya kweli. Hilo ndilo lililonimaliza. Angekuwa anaigiza ningepata hasira, na hasira ingenipa pumzi.

"Nimekusamehe," akasema. "Mbele ya Mungu na mbele ya watu hawa. Kuanzia leo asiwepo wa kulitaja."

Vigelegele! Mama Aikande akaangusha mwiko ndani ya sufuria. Watu wakakumbatiana. Vijana wa chama waliokuwa wanarusha mkutano mubashara wakanisogelea na simu mpaka nikaona pua yangu mwenyewe kwenye kioo. Katibu, ambaye hakuwa ameniona siku nzima, sasa aliniona vizuri sana. Akamrudishia Mheshimiwa kipaza sauti.

Na Mheshimiwa, jamani, ni mwanasiasa. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini hayakumzuia kufanya kazi.

"Ndugu zangu! Nilikuja kuwapa taarifa nne. Mungu ameniongezea ya tano. Mliniuliza, Mheshimiwa, ulishindwaje kwenye kituo kile? Leo mmepata jibu. Na limekuja lenyewe, kwa magoti!"

Watu wakalipuka. Wengine walikuwa wanalia. Niliwatazama nikiwa bado chini, na niliona kitu ambacho sijakiona tangu uchaguzi: walikuwa na furaha. Kumbe hawakushindwa. Kumbe kura zao zilikuwepo, zilipotelea kwa mtu mmoja mjinga mwenye jiko. Mtu akiwa amebeba kushindwa kwa muda mrefu hivyo, ukimpa mahali pa kuutua mzigo huo, atautua.

Akaniinua kwa mkono. Akaniwekea kipaza sauti mdomoni. "Sema neno moja tu, binti yangu. Moja linatosha."

Nilikuwa nalo. Nilikuwa na neno moja zuri kabisa. Nilikuwa nataka kusema, "Siyo." Siyo hivyo, sikuuza kitu, nilikaa kwenye lile benchi mpaka mgongo ukafa ganzi, hili ni shina la mpaka wa babu yangu, tazameni mizizi. Pumzi ilikuwa imerudi. Nikafungua mdomo.

Mzee Eliapenda akapita katikati ya watu. Akanifikia, akaniwekea mkono begani. Mkono ule ulikuwa haujanigusa tangu uchaguzi.

"Nsia, mwanangu," akasema, na kipaza sauti kikamdaka, wote wakasikia. "Ile fomu yako unayo?"

"Ninayo, baba."

"Ilete. Aliyesamehewa kwa isale hatengwi. Nasaini sasa hivi. Na wengine waje."

Nikawaona wakitoka. Wa pili. Wa tatu. Mama Aikande akijifuta mikono kwenye kitenge. Wote watano, wale wale waliokuwa wanasubiriana, wanakuja wenyewe, mmoja ameshashika kalamu.

Na kipaza sauti kiko mdomoni kwangu.

Nikifikiri sasa, haikuwa hata dakika moja. Lakini nilipita kila mahali. Nikisema "Siyo," nimemwambia Mheshimiwa mbele ya watu wake kwamba amelilia mboga. Nimewanyang'anya watu kura walizozipata sasa hivi. Nimelichezea isale, na hilo ni baya kuliko kuuza kura, muulizeni yeyote. Hakuna ambaye angesaini. Na Jumatatu saa kumi na moja wangekuja na sururu kumhamisha mama.

Nikalimeza lile neno.

"Aika, mbe," nikasema. Asante, baba. Basi. Hayo ndiyo maneno niliyoyasema, mnayasikia mwishoni mwa video.

Vigelegele vingine.

Fomu ilisainiwa juu ya boneti ya gari la Mheshimiwa. Nilisimama pembeni, kandambili moja mguuni, nikipokea faraja. Wa kwanza alisaini akasema, "Sote tunakosea." Wa pili akaniuliza kwa sauti ndogo kama mtungi wa gesi uliletwa umejaa au mtupu. Mama Aikande alisaini polepole, ulimi nje, kisha akanishika shavu.

"Petro alikana mara tatu. Wewe mara moja tu. Usijali."

(Nimefarijika sana, Mama Aikande.)

Mheshimiwa alipoingia garini nikajitahidi mara ya mwisho. Nikainama dirishani. "Mheshimiwa, lile isale, kuna bikoni pale kwetu, na makaburi ya—"

Akanipigapiga mkono. "Binti yangu, yaliyopita yamepita. Hili nitalipanda nyumbani kwangu, mlangoni, watoto wangu wajue." Kioo kikapanda. Gari likateleza, likasukumwa na watu (na mimi nikiwemo), likaenda Himo. Mpaka wa babu umekaa kiti cha nyuma, umefungwa mkanda.

Nyumbani nikamkuta Godlisten. Ameshuka mlimani leo mchana, amepata mtandao kwenye geti la hifadhi, na kitu cha kwanza simu yake kumwonyesha ni dada yake anateleza kwa magoti.

"Dada, ni nini hiki? Jiko si nilinunua mimi? Nilibeba ndoo za watu mpaka mabega yakachubuka!"

"Najua."

"Sasa kwa nini hukusema? Ulikuwa na maiki mdomoni!"

Nikampa fomu. Akaisoma saini moja moja, akitembeza kidole. Alipofika ya tano akakaa kwenye ngazi. Akauliza, "Sasa itakuwaje, utaishi hivyo hivyo?" Nikamwambia akanawe, chakula kipo. Nilitaka kumpa kitu.

Nimekaa hapa nafikiri. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa kurudisha yai la kuku wa jirani likitagwa kwetu. Nilipokataa kusaini ile siku ya uchaguzi nilikuwa namfikiria yeye. Leo nimenyamaza, nikamfikiria yeye tena, na sijui kama angenielewa. Mama angeelewa. Mama angeniuliza tu kandambili nyingine iko wapi.

Wadogo zangu wawili wa mwisho wako shuleni, bweni. Watarudi likizo wakute dada yao ni yule wa kwenye video. Na mimi siwezi kusema nje ya mlango huu kwamba si kweli, kwa sababu fomu ina saini tano za watu waliosaini kwa kuwa ni kweli. Mkiniuliza nimepata au nimepoteza, sijui. Nimepata hatua nane.

Kwa hiyo, wenzangu, ninaomba kitu kimoja. Msiwaambie watu wa huku. Usimtumie mama yako, usimtumie shangazi yako wa Hai, hata kwa siri. Kama ni kucheka, chekeni huko huko mliko, na chini chini, mpaka Jumatatu saa kumi fomu ipigwe mhuri.

Baada ya hapo mnaweza kuutangaza ukweli kwa kipaza sauti. Hakuna atakayewaamini.